Kikombe cha Mashine ya Pili

Jumamosi, 1 Februari

Baba, shikamoo.

Usinune kwanza, soma. Najua ni miezi mitatu tangu ubebe sanduku lako uhamie kwa Shangazi, na mimi ndiye niliyeapa kuandika kila wiki. Barua hii nimeianza mara sita. Ya kwanza mjukuu wako aliitapikia. Ya pili aliila kona yote yenye tarehe. Ya nne nilisinzia juu yake, nikaamka na wino shavuni, nikaenda zamu hivyohivyo. Hakuna aliyeniambia mpaka jioni. Basi nisamehe. Uchovu wa mama wa mtoto wa miezi tisa hauna likizo, na wewe mwenyewe uliwahi kunilea peke yako, unajua.

Mtoto hajambo. Siku hizi tunamwita Mheshimiwa, maana analala watu wakifanya kazi, anaamka anagomba, na hakuna anayethubutu kumjibu. Baba yake, Fundi wangu, anamlea mchana huku anashona. Cherehani yake ameiweka dirishani upande wa kituo cha umeme, anasema akichoka anaangalia maji ya mfereji.

Sasa habari yenyewe. Nimekupigia simu mara nne nikueleze, na kila mara unasema "ndiyo, nzuri, wasalimie," unakata. Nilikuambia Mheshimiwa ana homa, ukasema, "Nzuri sana, hongera." Ndiyo maana naandika.

Mashine ya Pili inazimika. Tangu uondoke imezimika mara saba, zote mchana, karibu na saa tisa. Unajua hiyo ndiyo iliyobaki, Mashine ya Kwanza tuliizika wewe mwenyewe ukiwepo. Ikizimika, pampu ya maji ya mji inasimama, soko linabaki kiza, na simu za lawama zinaingia kwangu. Alhamisi alikuja Mhandisi wa jiji, yule mama wa miwani ya kamba. Akakaa kwenye kiti chako bila kukifuta. Akasema, "Binti, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini madiwani wamechoka. Wanataka jiji liache kuzalisha umeme wake, linunue wa nje. Nimewaomba siku thelathini. Kuanzia tarehe moja Machi, mashine hii ikizimika hata mara moja, nafunga kituo."

Baba, kituo kikifungwa, na nyumba hii ya kituo inafungwa. Cherehani, kitanda cha mtoto na mimi, sote barabarani. Na kazi yako ya miaka thelathini na moja inakuwa gofu la kufugia popo.

Ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Katika kitabu cha zamu kuna safu ya "Sauti," na wewe kila siku umeandika "nzuri." Sauti nzuri ni ipi? Mimi siku zote nilikuwa juu, chumba cha swichi, wewe chini. Sikuwahi kujifunza kuisikiliza. Nieleze.

Mheshimiwa ameamka, analia kama aliyefinywa. Kila mchana hivihivi, nadhani ni meno.

Mwanao,
Mama Mheshimiwa


Jumapili, 9 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua imefika salama. Mimi mzima. Shangazi yako mzima, anagombana na majirani kama kawaida.

Kuhusu Mashine ya Pili: haina ubaya. Ni mzee mwenye heshima zake. Ukiingia zamu, shuka chini, weka kiganja juu ya kifuniko cha beringi, pale mhimili unapozungukia. Usishike kama unamsalimia mtu, laza tu. Ukihisi kitu kama paka aliyelala mapajani mwako, anakoroma, basi ni nzima. Paka akianza kujikuna, nenda kasafishe chujio la maji.

Kikombe kiache palepale kilipo.

Umesema mtoto analia kila mchana. Saa ngapi hasa? Tazama saa ya ukutani, uandike dakika. Usinijibu "mchana."

Simu hii niliyonunua ni mbovu.

Ni mimi,
Babako


Ijumaa, 14 Februari

Baba, shikamoo.

Nimekuuliza sauti, umenijibu paka.

Sikuvunjii heshima, lakini nimechoka na leo nitasema. Nimelaza kiganja mpaka kimeiva. Nilichohisi ni chuma cha moto kinachotetemeka. Paka sikumwona. Jumatatu imezimika tena, na jana tena. Zimebaki wiki mbili siku za Mhandisi zianze. Nakuuliza jambo la kazi, wewe unauliza mtoto analia saa ngapi. Haya, ameamka saa nane na dakika arobaini. Umefurahi?

Na kikombe gani? Kile cha bati cha bluu, chenye kibonyeo, ulichokuwa unakiacha juu ya mashine na maji nusu? Mimi nilidhani umesahau kunywa, kila siku kwa miaka. Nilikipeleka nyumbani wiki ileile uliyoondoka, nikakisugua kwa mchanga kikang'aa. Mheshimiwa anakinywea uji. Kina kimo kizuri, kinamkaa mikononi.

Baba, nikuulize waziwazi. Una kinyongo na mimi? Mara hupokei simu, mara unapokea na hunijibu. Uliondoka haraka haraka, hukunifundisha chochote kule chini, ulinikabidhi funguo kama mtu anayekimbia mvua. Kama unaona nimekuchukulia kazi yako, niambie. Mimi sikuiomba. Ni wewe uliyewaambia mjini, "Nimezeeka, mchukueni huyu." Sasa huyu anazama na wewe umekaa kando unaniandikia habari za paka.

Fundi anakusalimu. Amesoma barua hii akasema, "Punguza chumvi." Nimekataa kupunguza.

Mwanao


Alhamisi, 20 Februari

Binti yangu,

Marahaba.

Umemnywesha mtoto uji kwa kikombe cha mashine!

Kirudishe leo hii. Kiweke juu ya kifuniko cha beringi, pale penye duara la kutu, utapaona. Kitie maji mpaka kwenye kibonyeo, yasizidi. Kikombe hicho kimefanya kazi kuliko madiwani wote.

Kinyongo sina. Mtu hamwekei kinyongo mtoto aliyembeba mgongoni akienda zamu. Usiniandikie neno hilo tena, limeniuma.

Habari za sauti tuziache kwa sasa. Si jambo la kuelezeka kwa barua.

Ni mimi,
Babako

Mama yangu, hapa chini anaandika Shangazi yako. Kaka kanipa barua niipeleke posta, na mimi bahasha isiyofungwa siwezi kuipita. Nimesoma na yako pia, usichukie. Mwanangu, babako HASIKII. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto linasikia radi tu. Majuzi nimeangusha sufuria tatu nyuma yake kwa makusudi, hakupepesa hata kope. Akiongea na wewe kwa simu anabahatisha. Akishakata anakaa na simu mkononi, ananiuliza, "Alisema nini?" Mimi sikuwa naongea nawe, nitajuaje? Nimemwambia twende kwa daktari wa masikio, anajifanya hakusikia, na hapo sijui ni kweli au ni ujanja. Mficha maradhi kilio humuumbua. Usimwambie nimekuambia. Mbusu mtoto. Uji atapewa kwa kikombe kingine.


Jumanne, 25 Februari

Baba yangu, shikamoo.

Ile barua yangu ya tarehe kumi na nne ichane. Au mpe Shangazi afungie karanga.

Kikombe nimekirudisha kwenye duara lake la kutu. Mheshimiwa amegoma kula siku mbili, kila kikombe kingine anakipiga kofi. Jana nilishuka naye mgongoni, alipokiona kule juu ya mashine akanyoosha mikono yote miwili akalia kwa uchungu kama kaona mtu kavaa nguo yake.

Sitakuuliza tena habari za sauti. Niambie habari za kiganja, na za kikombe. Niambie yote, hata kurasa kumi, mimi nitasoma nikinyonyesha.

Nimekusikiliza pia kuhusu dakika. Nimeandika siku nne mfululizo. Ijumaa saa nane na thelathini na tano. Jumamosi saa nane na arobaini na mbili. Jumapili hakuamka kabisa, alilala mpaka saa kumi. Jana saa nane na thelathini na nane. Halafu nikakiangalia kitabu cha zamu. Baba, kila siku aliyolia, mashine imeyumba baada ya dakika ishirini. Jumapili aliyolala, haikuyumba. Si meno haya. Amezaliwa kwenye mngurumo huu, ndio wimbo wake wa kulalia. Ukibadilika kidogo anaamka. Vipimo vya kule juu vinakuja kujua mambo yameshaharibika. Kwa hiyo nyumba hii ina mtu anayesikia kuliko sisi sote.

Na nikiwa na kitabu mkononi nilirudi nyuma kidogo, nikasoma safu ya "Sauti." Unakumbuka siku mkanda wa feni ulipokatika? Ilipiga ukelele mpaka Fundi akatoka mbio nje na suruali ya mteja mkononi na pini mdomoni. Siku ile umeandika "nzuri."

Sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba nimesoma, na nimekaa chini kwenye ngazi, na nimekupenda zaidi.

Jumamosi siku zinaanza kuhesabiwa.

Mwanao


Jumapili, 2 Machi

Mama,

Marahaba, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia chooni, mahali pekee Shangazi yako hagongi. Yeye ndiye aliyekuambia? Usijibu. Namjua.

Ni kweli. Ni miaka sita sasa. Mashine ile ndiyo iliyoyala masikio yangu, polepole, kama panya anavyokula sabuni. Siku moja nikashuka chini nikadhani imezimika. Nilikimbia. Nikaikuta inazunguka vizuri kabisa mbele ya macho yangu, kimya kama picha. Nikaishika, ndipo nikamkuta paka.

Ningesema, wangenitoa siku hiyohiyo. Na mtu mwingine hakuwepo, wewe ulikuwa bado shule. Wangekifunga kituo tangu wakati huo. Nikanyamaza. Nikajifunza upya kila kitu kwa kiganja, na kiganja kikiwa na baridi au mafuta, kwa kikombe. Katika safu ya "Sauti" sikuwa na la kuandika zaidi ya "nzuri." Nikaacha hata kuandika nilikuwa nasafisha chujio saa ngapi, kwa sababu wangeuliza, "Umejuaje?" Hapo ndipo nilipokukosea. Ukaja ukakuta kitabu kisichosema kitu, na mwenye kujua kakimbilia kwa dada yake. Nilikimbia kweli. Niliona ukikaa na mimi kule chini wiki moja tu utanigundua. Nilimwonea aibu mtoto niliyemfundisha kutembea.

Sasa shika kalamu.

Maji ya kikombe yakichora duara moja dogo katikati, limetulia kama jicho, kila kitu kiko sawa. Duara likigawanyika mawili, una dakika thelathini. Maji yakianza kurukaruka pembeni, una dakika kumi, acha kila ulichoshika ukimbie kwenye chujio na reki. Tatizo si mashine. Huko juu, mto unakotoka, kuna soko la mboga. Ikifika saa nane wauzaji wanafunga, wanachambua kabichi, yale majani ya nje wanayamwaga mtoni. Yanatufikia kwa mfereji baada ya nusu saa. Yanaziba chujio, maji yanapungua bombani, mashine inameza hewa, inakohoa. Jumapili soko halipo. Ndiyo maana Mheshimiwa alilala.

Kwenye ubao wameandika chujio lisafishwe asubuhi na jioni. Ubao hauli kabichi. Mimi kila siku saa nane u nusu nilikuwa naenda na reki. Wewe ulikuwa unanichungulia kutoka juu unacheka.

Nina ombi moja na usinicheke. Miaka sita sijamsikia yule mzee, Mashine ya Pili. Siku ukipata nafasi, niandikie analia vipi siku hizi.

Babako


Jumatatu, 31 Machi

Baba yangu, Baba wa kiganja, shikamoo mara thelathini!

Haikuzimika. Siku thelathini, haikuzimika hata mara moja! Nimepiga kelele mpaka Mheshimiwa kanionea aibu.

Nilikuwa nakucheka kweli. Nilikuwa namwambia Fundi, "Baba kala, anatembeza tumbo na reki begani." Sasa natembeza langu. Barua yako ilifika siku ya tano, na hizo za kwanza tulivuka kwa kilio cha Mheshimiwa tu: akilia, nakimbia. Shangazi alisema kilio ndicho kitakachokuumbua. Hakujua kitakuwa cha mjukuu wako, wala kwamba kitatuokoa.

Lakini nikusimulie siku ya ishirini na nne. Mhandisi alikuja kukagua, saa nane hiyo, akanikalisha chumba cha juu na karatasi zake. Anauliza, najibu, anauliza. Dirisha liko wazi, nikasikia Mheshimiwa kaanza. Si kilio cha njaa, ni kile chenyewe. Nikasimama.

Akasema, "Kaa, baba yake si yupo?"

"Yupo, mama. Ila mimi ndiye ninayeitwa."

Nikashuka ngazi mbilimbili. Maji yanacheza ngoma kwenye kikombe, yanaruka nje. Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya kitaifa, soko limejaa mara mbili, mimi nimelisahau hilo. Nikachukua reki nikakimbia. Baba, kabichi ilikuwa imejaa kama godoro! Navuta, linarudi. Navuta, linarudi. Nikasikia mtu nyuma yangu, nikageuka, Mhandisi wa jiji kavua viatu, kakunja sketi, kashika ile reki ya zamani iliyovunjika.

"Niingilie wapi?"

"Kushoto, mama! Vuta kuja kwako, usisukume!"

"Nimesoma chuo miaka mitano, nisijue kusukuma na kuvuta!" Na papo hapo akasukuma, akakaa kitako kwenye tope. Nilitaka kucheka, nikaona nitapoteza kazi. Akaanza kucheka yeye. Fundi akaja na mtoto mkono mmoja na ufagio mkono mwingine, tukalimaliza lile godoro watatu, Mheshimiwa akisimamia.

Tuliporudi chini, duara lilikuwa moja, limetulia. Mhandisi akakiinamia kikombe, tope limemkaukia mpaka kwenye miwani.

"Hiki ndicho kipimo?"

"Hicho, na mtoto, na kiganja."

"Nani kakufundisha?"

Nikapima kwanza, nisamehe. Halafu nikamwambia yote. Masikio, miaka sita, paka wa mapajani, "nzuri, nzuri, nzuri." Nilijua ninachokifanya, Baba. Siri ile imekutafuna wewe, ilitaka kunila na mimi, nimeamua isimfikie Mheshimiwa. Ukitaka kunigombeza njoo unigombeze ana kwa ana.

Hakukasirika. Alilaza kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho muda mrefu, mpaka nikadhani kasinzia. Akasema, "Nimempata. Anakoroma."

Leo asubuhi madiwani wamekaa. Kituo kinabaki. Watatutengenezea chujio jipya, na sokoni wamepeleka mapipa ya majani. Kitabu cha zamu kimeongezewa safu mbili, "Kikombe" na "Kiganja," zimechapishwa kabisa, na mistari. Wanaleta waendeshaji wawili wapya ili mama wa watu apumzike, na anatafutwa mtu wa kuwafundisha kule chini, siku mbili kwa wiki. Mhandisi kasema hamtaki mwenye masikio mazuri. Anamtaka mwenye kiganja.

Sasa ombi lako. Nilikaa kwenye ngazi leo jioni, Mheshimiwa mgongoni, nikaisikiliza mashine kwa ajili yako. Inaanza chini kabisa, mmmmm, kama wazee wengi wamekubaliana jambo na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuitikia. Juu yake kuna uzi mwembamba, kama cherehani ya Fundi akipiga pindo refu la pazia. Kila baada ya pumzi tatu kuna kitu kama mtu anameza mate, hicho kilikuwepo zamani? Nadhani ni maji yakigeuka kwenye bomba. Na kuna kipya ambacho hata wewe mwenye masikio hukuwahi kukisikia. Nilidhani ni mashine. Nikashuka ngazi moja, kikashuka na mimi. Ni Mheshimiwa. Ameweka shavu mgongoni kwangu, anaimba naye, mmmmm, sauti ileile, bila kukosea. Leo katika safu ya "Sauti" nimeandika "wawili."

Basi, haya ndiyo ninayohitaji uniletee, na usilete pungufu. Kwanza kikombe kingine cha bati, cha bluu, kimo kilekile, maana mashine na mtoto hawawezi kuendelea kugombea kimoja. Kibonyeo ukitie mwenyewe kwa nyundo kabla hujafika, bila hicho Mheshimiwa atakikataa. Pili mpini wa reki, wa mti mgumu, ule uliovunjika Mhandisi ameukalia ukamalizika. Tatu, karatasi ya daktari wa masikio, yenye muhuri. Nimesema karatasi, sikusema maneno, na Shangazi aende nawe mpaka ndani. Akikupa kifaa cha kuvaa sikioni, kivae, usikiweke mfukoni. Nne, vipimo vyako, vije mbele yako kwa barua, maana Fundi amekwishanunua kitambaa cha ovaroli na mkasi unamwasha mkono. Anataka mabega, kifua, kiuno, urefu wa mguu na urefu wa mkono. Apime Shangazi, wewe kiuno utajidanganya. Kiganja msipime, hicho saizi yake tunaijua.

Mwanao,
Mama Mheshimiwa